Baba Tulia

Jumatatu, saa 4:00 asubuhi

"Ajenda ya kwanza," Katibu alisema. "Mlango."

Walikuwa watatu katika chumba cha nyuma cha karakana ya kusuka mota. Nyaya za shaba zilining'inia ukutani. Meza moja, viti viwili, ndoo moja iliyopinduliwa. Ndoo ilikuwa kiti cha yule waliyemwita Funguo. Ilikuwa yake tangu kikao cha kwanza, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama mgongo unamuuma.

Katibu hakuwa tena katibu wa kitu chochote. Zamani aliandika kumbukumbu za mikutano ya ushirika mmoja. Ushirika ukafa, yeye akabaki na mazoea. Hata wizi aliuendesha kwa ajenda. Alifungua kikao, alifunga kikao, na kabla ya kufunga aliuliza kama kuna mengineyo. Mwenye lake alilisema hapo. Kikao kikishafungwa, mdomo ufungwe nao.

Mwenye karakana walimwita Shemeji. Dada yake ndiye mke wa Katibu. Alikuwa shemeji wa mtu mmoja tu, lakini watu wote walimwita hivyo, hata wateja wa mota. Alikuwa mnene, mcheshi, na dereva mzuri kuliko wote waliowahi kukamatwa.

Funguo alikuwa fundi wa kufuli. Miaka hamsini na minane, mikono myeusi kwa unga wa shaba, maneno machache.

Mlango wenyewe ulikuwa wa famasi ya wanyama, mtaa wa maduka ya vifaa vya ujenzi. Mbele, rafu za sabuni ya kupe na vidonge vya minyoo. Kulia, chumba kidogo cha sindano, chenye meza ya bati na mizani. Nyuma, stoo yenye mlango wa nondo. Ndani ya stoo mna friji ya chanjo, na kando ya friji kabati la chuma lililofungwa kwa bolti ukutani. Katika kabati hukaa dawa ya usingizi, ile wanayochomwa wanyama kabla ya kupasuliwa. Shehena mpya ingeingia Alhamisi asubuhi. Katibu alikuwa na mnunuzi. Watakaoitumia walikuwa watoto wa watu, tena hawajapasuliwa popote, lakini hilo halikuwa kwenye ajenda.

"Kabati," Katibu alisema.

Funguo akaeleza. Kufuli mbili, ya juu na ya chini. Ufunguo mmoja uko shingoni mwa dada anayeuza dawa na kuchoma sindano. Wa pili anatembea nao mwenye duka, ambaye haji mpaka jioni.

"Dakika ngapi?"

"Sita."

"Nakupa tano."

"Kufuli haijui nani katibu."

Shemeji akacheka. Katibu hakucheka. Akaandika sita.

Saa saba kamili msaidizi wa famasi huenda kula. Dada hubaki peke yake mpaka saa nane. Saa saba na dakika kumi wao wataingia kwa mlango wa mbele, wamevaa ovaroli, miwani mikubwa na vitambaa vya pua, mitungi mgongoni, kama watu wa kupuliza dawa ya wadudu. Hakuna anayemtazama mara mbili mpuliza dawa aliyefunika uso. Gari la Shemeji lilikwisha kuchorwa mende aliyelala chali. Mlangoni wataning'iniza kibao: TUMEFUNGA KWA MUDA, TUNAPULIZA DAWA. Saa saba na dakika ishirini na mbili wawe garini.

Kisha Katibu akavua miwani, na wote wawili wakajua kwamba sasa anasema sheria.

"Mle ndani hakuna Katibu, hakuna Funguo. Ukiitwa, huitiki. Ukisikia jina lako, wewe ni kiziwi. Atakayemtambua mmoja wetu, habaki. Tumeelewana?"

Walielewana. Bastola ilikuwa mezani, juu ya daftari la kumbukumbu, ili karatasi zisipeperuke.

"Mengineyo."

Basi akalisema yeye mwenyewe, huku ameelekeza kalamu mlangoni, alipolala mbwa wa rangi ya udongo, kidevu juu ya kiatu cha Funguo.

"Hicho kibali chako. Muda wake umekwisha."

Walimwita Kibali kwa sababu ndiye aliyemwingiza Funguo famasi. Huwezi kukaa kwenye benchi la famasi ya wanyama huna mnyama. Wiki saba nyuma Shemeji alimwokota jalalani, akamfunga kamba, akamtupia Funguo kama mtu anavyomtupia mwenzake koti.

"Sitaki Ijumaa mtu amwone kwako, akakumbuka mbwa wa famasi," Katibu alisema. "Mpoteze."

"Nitampoteza."

"Mbali."

"Mbali."

Kikao kikafungwa.

Jumatano, saa 11:00 jioni

Funguo alipita viwanda vya matofali, akapita daraja la reli, akafika mahali nyumba zinapokwisha na nyasi kuanza. Akamfungua mbwa kamba. Akamwambia, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtu mzima, kwamba hapa kuna panya, kuna maji, na kuna watu wa matofali ambao hawakosi kubakisha. Kisha akageuka, akaenda bila kutazama nyuma.

Alitembea akiwaza siku ile ya kwanza.

Dada wa famasi alikuwa amechukua kadi ya kijani, akauliza jina la mbwa. Funguo hakuwa nalo. Alikuwa amejiandaa kwa jina la uongo la mwenye mbwa, hakujiandaa kwa la mbwa. Akainua macho. Ukutani palikuwa na tangazo kwa herufi nyekundu: TULIA. SUBIRI UITWE. Akasoma neno la kwanza.

"Tulia," alisema.

"Jina zuri," dada akasema, akaandika. "Basi wewe ni Baba Tulia. Karibu."

Alikuwa msichana wa miaka thelathini hivi, sauti ya taratibu, kucha fupi kabisa. Hakuwa anatania. Pale famasi wote waliitwa hivyo, kwa wanyama wao. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye paka wa kijivu, akiitwa Mama Kijivu. Kulikuwa na fundi rangi aliyeitwa Baba Chui, na Chui wake alikuwa mbwa asiye na meno.

Funguo aliitikia kwa "naam" ndogo, akakaa. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kama mtu aliyekutwa na mali ya wizi.

Watu aliokua nao wote walikuwa Baba Fulani na Mama Fulani. Majina yao wenyewe yalikwisha kusahaulika. Yeye na mkewe walibaki kuitwa yale ya utotoni, miaka ishirini na saba, na kila aliyewaita alipunguza sauti kidogo, kama anayepita karibu na mgonjwa. Mungu hakuwapa. Hawakulalamika. Mkewe alikuwa akisema, labda jina letu liko njiani, limekawia. Miaka sita iliyopita mkewe alifariki. Vikombe viwili vilibaki vimetundikwa ukutani. Funguo alikunywa chai kwa kimoja, lakini aliviosha vyote viwili.

Na sasa jina limefika, na limekuja kwa kazi hii.

Alikwenda famasi mara tatu. Mara ya kwanza, mizani na dawa ya minyoo. Mara ya pili, sindano ya chanjo ya kwanza. Baada ya sindano utaratibu ni mmoja: mnyama akae robo saa kwenye benchi, atazamwe kama uso utavimba. Robo saa ile ndiyo aliyotumwa Funguo kuitumia. Hapo alihesabu hatua kutoka kaunta hadi stoo. Hapo alisoma kufuli kwa mbali. Na hapo hapo dada alimuuliza, "Baba Tulia, mbwa anakula vizuri?" na baadaye, "Na wewe unakula?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo tangu msiba.

Robo saa iliisha, naye akabaki. Aliona kizimba wanacholaza wanyama, mlango wake una komeo lililoshika kutu, dada anahangaika nalo kwa mikono miwili. Akatoa chupa ya mafuta mfukoni, akalisafisha, akalisugua, akalipaka. Likawa linateleza kama sabuni. Dada alilifungua na kulifunga mara tatu, akifurahi kama mtoto.

Mara ya tatu, wiki mbili zilizopita, chanjo ya kurudia. Siku hiyo alikaa saa nzima. Aliporudi karakana, Katibu aliuliza kwa nini amechelewa. Alisema alikuwa anahesabu.

Jua lilikuwa linazama alipofika kwake. Mbwa alikuwa amekaa mlangoni, ulimi nje, mkia unafagia ngazi. Alijua njia ya mkato.

"Wewe," Funguo alisema. Akakaa kando yake kwenye ngazi.

Kesho baada ya kazi wangekuja hapa, Katibu na Shemeji, kugawana mzigo. Katibu akimkuta mbwa, hatauliza mara ya pili. Lazima aachwe kwa mtu. Funguo akaanza kuwapitia watu mmoja mmoja. Mwenye nyumba hakutaka hata kuku. Mshona viatu wa jirani na kibanda chake cha kuchonga funguo alimjua kama mzee wa funguo tu, na salamu zao hazikuwahi kuzidi mbili. Shemeji yake wa kweli, mdogo wa marehemu, alihama bila kuacha namba. Kwenye nyumba ya ibada alikaa safu ya mwisho na kutoka wa kwanza.

Akawapitia tena, labda kuna aliyemruka. Hakuwapo.

Katika dunia nzima, mtu pekee aliyeweza kumwachia mbwa wake ni yule anayekwenda kumwibia.

Alhamisi, saa 2:30 asubuhi

"Unasafiri, Baba Tulia?"

"Kibarua cha siku moja. Mahali hawataki mbwa."

"Watu wabaya hao." Dada alimshika mbwa kidevuni, akamtazama macho, fizi, masikio. Akasema vizuri, chanjo ya kichaa cha mbwa bado, atamchoma leo leo, maadamu amekuja. Akavuta dawa, akamshika ngozi ya mgongo, akamchoma. Mbwa hakugeuka hata. Alikuwa anamtazama Funguo.

Dada akabandika kibandiko kwenye kadi ya kijani, akapiga muhuri, akaandika tarehe ya mwakani. Kadi ilikuwa na mistari mingi mitupu.

"Jioni utamfuata?"

"Nikichelewa..."

"Ukichelewa atalala kwangu. Mimi pia niko peke yangu."

Funguo alimwingiza mbwa kizimbani mwenyewe. Kizimba kilikuwa uani, nyuma ya milango miwili. Akalipima komeo. Akaona umbali utatosha, mbwa hatamsikia wala kumnusa.

"Urudi salama, Baba Tulia."

"Naam," Funguo akaitika, akatoka upesi, kabla uso haujamfichua.

Saa 6:40 mchana

Ovaroli zilinuka rangi mpya. Shemeji alipiga mluzi, akaacha. Alisema kwamba akifa azikwe na gari hili, maana ndilo pekee lililowahi kumheshimu. Hakuna aliyecheka. Katibu alikuwa anapitia ajenda kwa midomo bila sauti.

"Mbwa?" aliuliza.

"Amekwenda."

"Wapi?"

"Mbali."

Katibu alimtazama kupitia miwani mikubwa ya plastiki. Kwa muda mrefu.

Saa 7:10 mchana

Waliingia. Funguo akaning'iniza kibao, akafunga mlango wa mbele kwa ndani. Kitasa kilikuwa chepesi.

Kitu cha kwanza kilichokwenda mrama: famasi ilikuwa na mteja. Mama Kijivu alikuwa kwenye benchi, kikapu mapajani, paka ndani ya kikapu. Paka alikuwa amechomwa sindano. Robo saa yake haijaisha.

Kitu cha pili hawakukiona. Jua la uani lilikuwa kali, na dada, kwa huruma yake, alikuwa amekivuta kizimba mpaka ndani ya chumba cha sindano.

"Sikuita wapuliza dawa," dada alisema.

Katibu akamwonyesha bastola. Hakuinua sauti. Akamwambia aweke mikono juu ya kaunta na kuiacha hapo. Akamvua ufunguo wa shingoni, akamrushia Funguo. Ufunguo wa nondo ulikuwa ndani ya kufuli yake, unaning'inia, kama ilivyo kila mchana.

Funguo akapita karibu na dada bila kumtazama. Akaingia stoo. Akapiga magoti. Kufuli ya juu ilifunguka kwa ufunguo. Ya chini akaianza kwa vyuma vyake viwili vyembamba.

Saa 7:13

Friji ya chanjo ilikuwa inavuma. Funguo alisikiliza pini. Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikakaa.

Mbele, paka alikuwa anajitupa ndani ya kikapu. Mama Kijivu akainama kukishika.

"Tulia," Katibu alimwambia.

Bibi hakusikia vizuri. Masikio yalikuwa ya umri. Akanyanyuka nusu.

"Tulia, wewe! Nimesema tulia!"

Katika chumba cha sindano pua ikasukuma, komeo la kizimba likateleza. Halikulia hata kidogo. Lilikuwa limepakwa mafuta na mtu anayejua kazi yake.

Mbwa wa rangi ya udongo akatoka kwa mwendo wa mtu aliyeitwa. Akamtazama aliyemwita, akamnusa, akaona siye. Akampita. Akaingia stoo moja kwa moja, akaweka kidevu juu ya bega la mpuliza dawa aliyepiga magoti, akashusha pumzi.

Pini ya tatu ikaponyoka.

Dada alikuwa ameona yote kutoka kaunta. Alimtazama mbwa. Akatazama mikono, ile myeusi, iliyosimama juu ya kufuli. Hakupiga kelele. Aliuliza kama alivyozoea kuuliza, kwa ile sauti ya taratibu, sauti ya benchi.

"Baba Tulia?"

"Naam," Funguo akaitika.

Lilitoka lenyewe. Jina lake mwenyewe angelinyamazia hata kama angekatwa vidole. Alikuwa amejifunza kutoitika jina hilo. Hili lingine hakulijifunzia, kwa sababu halikuwa kwenye ajenda, na kwa sababu miaka ishirini na saba alikuwa ameliandalia jibu.

Friji iliendelea kuvuma.

Saa 7:15

"Malizia kufuli," Katibu alisema.

Sauti yake haikubadilika. Hapo ndipo Funguo alipojua kwamba hesabu imekwisha kufungwa. Alimjua Katibu miaka minne. Akikasirika, anapiga meza. Akishaamua, anakuwa mpole.

Aliirudia pini ya kwanza. Mikono ni watumwa wazuri. Akili ilikuwa kwingine. Aliwaza atakapotoka hapa, mzigo garini, wanawake wawili chini kwenye sakafu ya vigae, kikapu kando. Aliwaza kesho, na vikombe viwili. Aliwaza kwamba duniani hatakuwapo tena mtu anayelijua jina lile, na jina lisilo na wa kuliita ni kama halikuwahi kufika.

Aliomba. Hakuwa na maneno mengi. Alisema, unaniona nilipo.

Saa 7:18

Kabati likafunguka. Katoni nyeupe, zimepangwa mpaka juu.

"Limefunguka," alisema.

"Jaza mfuko. Halafu nawaleta hawa wawili humo stoo. Mengineyo?"

Funguo akainuka. Magoti yalilia. Akasimama mlangoni mwa stoo.

"Ninalo," alisema. "Huyu dada hana neno. Wala bibi. Twende zetu."

"Kikao kilifungwa Jumatatu."

"Umeuliza mengineyo."

"Nimeuliza. Sikusema nitayaandika."

Basi. Funguo alitikisa kichwa polepole, kama mjumbe aliyeshindwa kura. Akarudi stoo. Akaanza kujaza mfuko, katoni moja, ya pili, ya tano. Kisha akasimama.

"Zile za nyuma, rafu ya juu, sizifikii. Ndizo nyingi. Wewe ni mrefu."

Katibu alitazama saa. Dakika tatu. Akawaamuru wanawake wakae chini, migongo kwenye kaunta, mikono kichwani, akaingia stoo huku bastola ikiwatazama bado. Akanyoosha mkono wa kushoto ndani ya kabati. Kwa kitambo kidogo, kidogo mno, ilimlazimu kugeuza kichwa.

Funguo alimvuta mbwa kwa ngozi ya shingo, akatoka, akausukuma mlango wa nondo. Kufuli ikalia. Akachomoa ufunguo.

Miaka arobaini alifungua milango ya watu. Ule ndio mlango alioufunga vizuri kuliko yote.

"Funguo," Katibu alisema kutoka ndani. Aliivunja sheria yake mwenyewe. "Funguo, acha utani."

Funguo alikuwa anawainua wanawake. Bibi alikuwa mzito wa miguu. Akamsukuma dada kwanza hadi nyuma ya ukuta wa chumba cha sindano, kisha bibi na kikapu chake. Yeye akawa wa mwisho kuondoka mbele ya nondo.

Bastola ikalia mara mbili. Risasi moja ilipasua chupa za sabuni ya kupe. Ya pili ilimwingia Funguo juu ya nyonga.

Saa 7:20

Nje, injini ya gari lenye mende ilinguruma. Shemeji alikuwa amesikia. Mtu angedhani atapiga honi, au atakuja mlangoni. Gari lilirudi nyuma, likageuka, likaondoka kwa kasi ya dereva mzuri.

"Shemeji!" Katibu aliita.

Akaita tena. Akaita mara ya tatu, na mara hii hakuita kama mkubwa. Aliita kama mtu aliyeachwa. Alikuwa na mke, na shemeji, na daftari la wajumbe, lakini mle ndani alikuwa peke yake na friji. Baada ya hapo akakaa chini. Bastola akaiweka kando ya mguu, karibu na katoni, akatazama mikono yake.

Funguo alivua kitambaa na miwani. Hakuwa na haja navyo tena. Akaketi kwenye benchi, mahali pake, upande wa ukutani. Damu ilikuwa inashuka ndani ya ovaroli, ya moto kwanza, kisha baridi. Mbwa akakaa juu ya kiatu chake.

Dada angeweza kufungua mlango na kukimbia. Mama Kijivu alikwisha kuufungua, alikuwa kizingitini anawaita watu wa duka la mabati. Dada akarudi na mkasi, pamba na bandeji. Akaikata ovaroli. Akakandamiza kwa nguvu, bila huruma na bila ukatili, kama anavyowashika wote.

"Bandeji hizi ni za mbwa," alisema.

"Zitanitosha."

Akazungusha. Akafunga. Hakumtazama usoni.

"Ulikuwa unakuja kwa ajili ya kabati. Tangu siku ya kwanza."

"Tangu siku ya kwanza."

"Na jina?"

"Nililisoma ukutani."

Aligeuza kichwa akalitazama lile tangazo, herufi nyekundu, kana kwamba limewekwa sasa hivi. Huenda alikuwa karibu na cheko, huenda na kilio.

"Kwa hiyo hakuna kitu cha kweli hapo."

"Mbwa ni wangu," Funguo alisema.

Dada akakaza fundo. Mtaani makelele yalikuwa yanakua. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, uani hakuna ukuta mrefu, na Funguo alijua hilo kwa kuwa yeye ndiye aliyeuhesabu.

"Mlango ule," dada akasema, macho kwenye bandeji. "Mimi siangalii huko."

"Nimechomwa, binti yangu. Si mwasema nikae robo saa?"

Hapo dada akamtazama. Akaketi kando yake kwenye benchi, mikono yenye damu mapajani. Wakakaa. Mbwa akahamisha kidevu kutoka kiatu kimoja hadi kingine.

Saa 7:35

Askari walikuwa wanne. Watatu walikwenda kwenye nondo. Wa nne, mwenye daftari, alisimama mbele ya benchi.

"Jina?"

Funguo hakujibu. Jina alilolitaka halikuwa lake kulitaja.

"Nakuuliza wewe mzee. Jina?" Askari akamgeukia dada. "Unamfahamu huyu?"

Dada alikawia. Kwenye kaunta ilikuwapo kadi ya kijani yenye jina la uongo la mwenye mbwa. Hakuigusa.

"Namjua kwa mbwa wake tu."

"Mbwa anaitwa nani?"

"Tulia."

Askari akakunja uso. "Mimi nitulie?"

Mbwa aliinua kichwa, akamtazama askari, akapiga mkia sakafuni mara moja. Mama Kijivu, pale mlangoni, akacheka peke yake, cheko fupi la mtu aliyepona, akajifunika mdomo.

Wakamwinua Funguo. Alisimama taratibu, pingu mikononi, akamtazama dada.

"Mwakani," alisema. "Ya kichaa."

"Tarehe ninayo."

Hakusema zaidi. Wala yeye hakuomba zaidi. Wakampitisha katikati ya watu, na watu walikuwa wengi, na hakuna aliyemjua. Wakampandisha nyuma ya gari lenye wavu. Mlango ukabamizwa. Alisikiliza kufuli yake kwa mazoea: ya kawaida, pini tano, dakika moja na nusu. Akaacha kuisikiliza.

Gari lilipoanza kuondoka alisikia kucha zikikwaruza lami. Mbwa alikuwa anakimbia nyuma ya gari, bila kubweka, masikio yamelala. Nyuma yake dada, koti jeupe lina damu, mkono umenyooshwa kuufikia ukosi.

"Tulia!" aliita. "Tulia!"

Sauti ilikuwa ya taratibu hata ilipopazwa. Ilikuja mpaka wavuni, ikampita, ikarudi. Funguo hakujua kama anaitwa mbwa au anaambiwa yeye.

Akatulia.